Kuhesabu pimbi kwenye mawe ya Mwanza

Kwa mnaojitolea kufuatilia wanyama kwenye majabali ya hapa Mwanza, iwe Capri Point au kisiwani Saanane: msijumlishe pimbi kila wanapochomoza. Wanaingia ufa huu wanatokea ule, na pimbi mmoja anaweza kukujazia watano kwenye daftari. Kaa mahali pamoja, tulia kama dakika 20, kisha andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mara moja. Hiyo ndiyo hesabu ya siku, basi.

Nenda asubuhi jua linapoanza kupiga mawe. Pimbi hawamudu vizuri joto la mwili wao, ndiyo maana hutoka kuota jua kwanza. Wasipoonekana, tafuta michirizi myeupe kwenye jabali: hukojoa pale pale miaka na miaka hadi chokaa ya mkojo inaganda. (Kinyesi cha ndege nacho ni cheupe, usichanganye.) Hata hivyo michirizi si idadi. Andika "dalili", na kwenye safu ya hesabu weka sifuri. Wengi wanaona haya kuandika sifuri, ilhali bila hiyo hakuna atakayejua pimbi walianza kupungua lini.

Mkiwa hapo hapo, angalieni na mijusi. Wale wa kichwa cha waridi na mwili wa buluu ni madume yaliyokomaa. Majike ni ya kahawia, karibu rangi ya jiwe lenyewe. Hao ndio wanaohitaji darubini.