Jinsi ya kusoma vitabu vya kujitegemea mpaka vikufae uani kwako

Vitabu vya mazingira na kujitegemea vina tatizo moja, vinanoga sana kusoma. Mtu anamaliza kurasa 300 za bustani, nyuki na umeme wa upepo, anafunga kitabu roho kwatuu, na uani kwake majani makavu bado yanachomwa moto kila Jumamosi. Sasa ukitaka kikutoe jasho na sio kukubembeleza tu, kisome hivi.

Kabla hujaenda popote angalia mwandishi alikuwa anakaa wapi. Wengi wanaruka hapa halafu wanalaumu kitabu. Chukua kile kitabu kikubwa cha John Seymour cha kujitegemea, kilichotoka 1976, ndo wengi wanaanza nacho. Mzee alikuwa Mwingereza, shamba lake lilikuwa Wales (ingawa enzi za Vita ya Pili ya Dunia alipita huku kwetu, alikuwa askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza la Afrika Mashariki), kwa hiyo hesabu zake nyingi ni za kuvuka baridi, viazi vitunzwe wapi, ng'ombe wale nini theluji ikishuka. Sisi kinachotubana ni kiangazi. Kila akisema msimu wa baridi wewe soma kiangazi na ujiulize mwezi wa tisa mbuzi wako anakula nini na maji yanatoka wapi. Halafu anakuchorea shamba la ekari moja, na ekari moja ni kama mita za mraba 4,000, kiwanja chako cha 20 kwa 20 ni 400, yaani una sehemu moja ya kumi na humohumo kuna nyumba, shimo la choo na gari bovu la shemeji. Toa ng'ombe, toa ngano, baki na mboga, kuku na mboji (mbolea ya majani na samadi yaliyooza). Hapo kitabu kinaanza kuongea na wewe.

Jua nalo hivyohivyo. Vitabu vya Ulaya na Marekani vitakwambia madirisha na bustani vielekee kusini, ila Bill Mollison na David Holmgren walioanzisha pamakacha (permaculture, yaani kupanga shamba lijiendeshe kama mazingira ya asili) na kutoa kitabu chao 1978 walikuwa Tasmania, kule Australia, wao wanasema kaskazini. Wote wako sahihi kwao. Hapa Dar jua la mchana mwezi wa sita linakaa upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini, na katikati linapita utosini kabisa, so hiyo sura usiifuate kichwakichwa. Kinachotuumiza sisi ni jua la jioni linalopiga ukuta wa magharibi, ndo upande wa kuweka mti wa kivuli au kichanja cha pasheni.

Kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga, anza na michoro. William Kamkwamba wa Malawi ndivyo alivyofanya, aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2002, akawa anaenda maktaba ya kijijini, anaangalia mchoro kwanza halafu ndo anatafuta maneno yanayouelezea, na akaja kutengeneza kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli na mabomba ya plastiki. Kitabu chake cha 2009 mpe kijana wa sekondari, ataelewa fizikia kuliko kwa noti za ubaoni.

Halafu tafuta pale mwandishi alipoharibu. Masanobu Fukuoka, mkulima wa Japani aliyetoa kitabu chake 1975, watu wanamshika kwa sentensi moja tu, kwamba usilime, usipalilie, acha. Wanaacha kweli, magugu yanawashinda. Ila mwenyewe anaeleza alivyoiacha michungwa ya baba yake bila kupogoa na matawi yakasongamana, wadudu wakaingia, miti ikafa, kwa sababu mti ulioshazoea mkasi hauwezi tu kuachwa ghafla. Hiyo habari ndo ya kupigia mstari. Na ile mbinu yake ya kuviringisha mbegu kwenye udongo wa mfinyanzi, Kenya kuna watu wanaifanya kwa vumbi la makaa na kurusha kwenye maeneo makame, so inafanya kazi ila wameibadilisha.

Vipo vingine sio vya maelekezo kabisa, kama cha Rachel Carson cha 1962 kuhusu madhara ya DDT, ile dawa ya kuua wadudu, au cha Wangari Maathai cha 2006 kuhusu maisha yake. Usitafute humo namna ya kupanda. Kwa Maathai angalia kitu kidogo ambacho wengi wanakipita: akina mama wa Green Belt, shirika lake la kupanda miti Kenya, walikuwa wanalipwa kwa mche uliopona, sio uliopandwa. Ukiwa na kikundi au shule inayopanda miti anza na hilo kabla ya picha za uzinduzi.

Baada ya hapo chagua kitu kimoja tu kwenye kitabu, kifanye msimu mzima. Kama hujui uchague nini, chagua mboji, kila kitabu kinayo. Tafuta kivuli, weka vijiti chini hewa ipite, halafu ndoo mbili au tatu za vitu vikavu (majani ya mgomba yaliyokauka, mabua), ndoo moja ya vitu vibichi na samadi ya kuku, mwagia maji, rudia mpaka rundo lifike kama mita moja juu na mita moja kila upande. Likiwa dogo halipati moto. Vitabu vya nchi za baridi vinalalamika rundo kulowa, la kwetu linakauka, kwa hiyo lifunike kwa majani ya mgomba. Chomeka fimbo katikati, baada ya siku nne tano ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, safi, linaoza vizuri. Ya baridi na kavu, ongeza maji. Ya baridi na inanuka, umezidisha vibichi au maji, geuza na uongeze makavu.

Kitu cha pili ni maji ya bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, basi. Bati la mita 10 kwa 8 likipigwa na mvua ya milimita 20 unapata lita 1,600, toa zinazomwagika, bado simtanki la lita 1,000 linajaa kwa mvua moja. Maji ya mwanzo yaachie, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Na ukifika kwenye sura ya msitu wa chakula, ile yenye miti juu, mazao ya kati na mboga chini, kabla hujashangaa nenda Kilimanjaro ukaone kihamba cha Mchaga, ndizi, kahawa, magimbi, miti mikubwa juu, muulize mwenye nacho kuliko kukariri mchoro.

Kununua usikimbilie vipya, vya mtumba pale Posta barabarani mara nyingine vinapatikana, na jarida la Mkulima Mbunifu lipo kwa Kiswahili, limeandikwa kwa udongo wetu huuhuu. Ukimpata Seymour, ana kurasa za nguruwe na za kutengeneza bia, kama sio mambo yako ruka uende kwenye mboga.