Jinsi vibonde wanavyomfunga kigogo kwa faulo (darasa la NC State 1983)

Kama timu yenu ya kikapu ya chuo imepangwa na wale jamaa warefu wanaodanki (kuushindilia mpira kwenye ringi) hadi kwenye kupasha misuli, achaneni na video za motisha, tafuteni fainali ya vyuo vya Marekani ya tarehe 4 Aprili 1983, NC State (Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina) na Houston, muiangalie mkiwa na kalamu na karatasi. Kila mtu anaikumbuka danki ya mwisho. Sawa, danki tamu. Ila ile mechi ilichukuliwa kabla ya hapo, ilichukuliwa na faulo, yaani NC State ndio walikuwa wanachagua nani wa Houston aende akapige mitupo huru, ile ya kusimama mstarini bila kukabwa.

Kwa ambaye haijui: Houston walifika fainali wakiwa wameshinda 31 na kufungwa 2, mechi 26 mfululizo bila kupoteza, ndani wana Hakeem Olajuwon kijana wa Lagos na Clyde Drexler, hao baadae wote wakawa mastaa wa NBA. NC State ya kocha Jim Valvano ilikuwa imeshafungwa mara 10 msimu huo, Dereck Whittenburg mpigaji wao mkubwa alivunjika mguu katikati ya msimu akarudi mwishoni, na ilibidi wabebe kombe la kanda yao ya ACC ndio wawe na uhakika wa kuingia mashindano makubwa, wakawatoa North Carolina ya Michael Jordan kwenye ovataimu (muda wa nyongeza) kisha Virginia ya Ralph Sampson, jitu la futi 7 na inchi 4. Raundi ya kwanza ya taifa wakaponea kwa Pepperdine 69-67 baada ya ovataimu mbili. Wakafuata UNLV (chuo cha Las Vegas) 71-70. Virginia wakakutana nao tena, 63-62. Ukiona timu inashinda kwa pointi moja moja hivyo kila wiki ujue kuna kitu wanakifanya dakika za mwisho, bahati haiji kwa ratiba.

Sasa tufanyeje.

Kazi inaanza kabla ya mechi na inaanza na daftari. Mpeni mtu mmoja wa benchi, yule asiyecheza sana lakini macho yake makali, aandike mitupo huru ya kila mchezaji wa wapinzani kwenye mechi zao zilizotangulia, amepiga mingapi ameingiza mingapi, na mechi yenu ikianza aendelee. Mapumziko kocha anataka majina mawili tu: nani mkono wake mgumu, na nani msimguse kabisa. Houston siku ile walipata mitupo 19 wakaingiza 10. Timu inaruka kama ina springi ila ikisimama mstarini peke yake bila mtu mbele inatetemeka, na timu za namna hiyo hata huku kwetu zimejaa.

Pili mkimbizeni staa wao kwenye faulo. NC State walimwendea Drexler hadi akawa na faulo 4 kabla ya mapumziko, ya tano unatolewa, na walienda kupumzika wakiongoza 33-25. Ukiwa kibonde usikae nje unarusha rusha tu kwa kuogopa bloku, ingia ndani, simama kwa miguu miwili, mfanye yeye ndiye aamue kama anakugusa au anakuacha.

Halafu jiandaeni kupigwa, maana kigogo lazima ataamka. Kipindi cha pili Houston waliwafukuza hadi ikasoma 42-35, na hapo kocha wao Guy Lewis akaamua kupooza mchezo. Olajuwon alikuwa ameshachoka, Albuquerque, mji ilikochezwa fainali, uko juu, mita kama 1,600 kutoka usawa wa bahari, unakaribiana na Nairobi kwa urefu, mtu wa Dar aliyewahi kwenda kucheza kule anajua mapafu yanavyolia. Na enzi hizo mashindano hayo hayakuwa na saa ya kurusha, ile inayokulazimisha urushe kabla muda haujaisha, unaweza kushika mpira hadi uchoke mwenyewe. Kwa hiyo NC State wakaanza kufaulu makusudi, yaani kuwachezea faulo. Sheria ilikuwa upande wao pia, kuanzia faulo ya saba ya timu kwenye kipindi unapiga mtupo mmoja kwanza, ukikosa basi, wa pili hauupati na mpira uko hai.

Hapa msikopi mzima mzima, sisi tunacheza sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani. Kuna saa ya sekunde 24, kwa hiyo kama mko nyuma kwa pointi 3 na imebaki dakika nzima, kabeni tu, mpira utarudi wenyewe. Faulo ianze pale muda uliobaki unakaribia hizo 24, au mapema zaidi kama mko nyuma kwa 6 na kuendelea. Hesabuni faulo za timu, maana mitupo miwili inakuja kuanzia faulo ya 5 ya kota, sasa unakuta timu imebakiza sekunde 20 na ina faulo 2 tu, inafaulu, inafaulu tena, saa inaisha hakuna aliyeenda mstarini! Pia uendeeni mpira kweli, mkono kwenye mpira, ukimkumbatia mtu kwa nyuma refa anatoa faulo isiyo ya kimichezo, mitupo miwili na mpira ni wao, mmekwisha. Na dakika mbili za mwisho za kota ya nne subirini mpira utoke mikononi mwa anayerusha kutoka nje ndipo mguse, mkiwahi wanapata mtupo mmoja na mpira unabaki kwao.

Nani apokee? Hili ndio watu wanalisahau. Yule mpigaji mzuri mzibeni watu wawili ikibidi, yule wa mkono mgumu muacheni wazi kabisa apokee kwa raha zake, akishaushika tu mwendee. Kukiwa 52-52, imebaki dakika moja na kidogo, NC State walimfaulu Alvin Franklin, mwaka wa kwanza chuoni. Akakosa. Cozell McQueen wa NC State akachukua ribaundi, yaani mpira uliodunda kutoka kwenye ringi. Hiyo ribaundi ifanyieni mazoezi kila siku, mwili kwanza ndio mpira, maana ukimfaulu mtu akakosa halafu wakachukua tena wao, umejichosha bure.

Valvano alikuwa na tabia nyingine ya kutenga muda mazoezini vijana wafanye mazoezi ya kukata nyavu za ubingwa. Hiyo mimi siwashauri, nyavu zenyewe huku tunazibembeleza.

Shuti la mwisho sasa. NC State walishika mpira kusubiri saa iishe, Benny Anders wa Houston akaugusa nusura auibe, Whittenburg akauokoa akarusha kutoka mbali huko, mpira ukawa mfupi, Lorenzo Charles alikuwa kwenye ringi, akaudaka hewani akadanki, 54-52, kengele. Wengine walikuwa wanaangalia mpira unavyoruka, yeye alishaona hautafika. Kwa hiyo kwenye mazoezi kila shuti la mbali la mwisho liwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuamini kwamba litakosa, mwingine abaki nyuma kuzuia fasti breki, lile shambulizi la haraka la wapinzani. Na kumbukeni kwa FIBA mpira wa kurusha ndani ukiwa umebakiza sekunde 0.3 mnaruhusiwa kudaka na kurusha, ila ikisoma 0.2 au 0.1 ni kuugusa uingie au kuudanki moja kwa moja tu, kwa hiyo mrefu wenu awe chini ya ringi, sio kwenye kona.