Unaenda kwenye mdahalo wa Big Bang? Haya yaweke sawa kabla hujapanda jukwaani

Mada ya Big Bang, ile nadharia kwamba ulimwengu ulianza mdogo na wa moto kisha ukatanuka, ikiwekwa mezani, iwe ni klabu ya sayansi ya sekondari hapa Dodoma mjini au wanachuo wamejaa ukumbi wa Chimwaga, lazima atasimama mtu aseme "hiyo si nadharia tu, ingekuwa kweli si wangeshaifanya sheria", na makofi yatapigwa kweli kweli. Sasa kama wewe ndo umepangwa kutetea sayansi, au ni mwalimu unaandaa watoto, usiende kichwa kichwa ukitegemea madesa ya kukariri, maana hoja hiyo inajibika vizuri tu ukijiandaa.

Kitu cha kwanza kuweka sawa ni kwamba sheria na nadharia zina kazi mbili tofauti, hazipo kwenye ngazi moja ambapo moja iko chini inasubiri kupanda. Chukua mvua zetu. Ukikusanya vipimo vya miaka mingi utaona Dodoma tuna msimu mmoja tu, mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili zinakata, baada ya hapo ni kiangazi na vumbi. Huo ni mpangilio, unakwambia kinachotokea na kinatokea lini, basi. Kwa nini iwe hivyo, hayo ni maelezo mengine kabisa, kuna ukanda wa mvua unaolifuata jua likienda kusini na kurudi kaskazini, na pepo za kaskazi na kusi humohumo. Hata ukiyathibitisha maelezo hayo mara elfu hayatageuka kuwa kalenda ya mvua. Kwenye sayansi nako ni vilevile, sheria inaeleza mpangilio, mara nyingi kwa fomula fupi, nadharia inaeleza kwa nini mpangilio huo upo na inatabiri mengine ambayo bado hayajaonekana. Kwa hiyo mtu akisema Big Bang "bado haijawa sheria", mjibu kwamba haitakuja kuwa, na wala haihitaji.

Alafu hakikisha unaijua sheria yenyewe inayohusika na Big Bang, ile ya kutanuka kwa ulimwengu, usiishie kuitaja jina. Mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble, akitumia teleskopu ya Mount Wilson kule Marekani, alionyesha kwamba galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, kadiri zilivyo mbali ndivyo zinavyotukimbia kwa kasi zaidi. Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa ameshaufikia uhusiano huo kwa hesabu mwaka 1927, ndo maana 2018 umoja wa wanaastronomia duniani ulipiga kura ukapendekeza iitwe sheria ya Hubble na Lemaître. Kasi ni umbali zidisha namba moja, na namba hiyo leo ni kama kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na megaparseki moja ni umbali wa miaka nuru milioni 3.26, mwaka nuru mmoja ukiwa ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka. Fanya hesabu mbele ya watu, inavutia sana: galaksi iliyo megaparseki 100 inatuacha kwa kilomita 7,000 kila sekunde. Wakikuuliza umejuaje, waambie mwanga wake umevutika kuelekea wekundu, ule mstari wa rangi unaotolewa na gesi ya haidrojeni, ambao maabara unaukuta kwenye nanomita 656.3, kwa galaksi hiyo utaukuta karibu na 671.6. Ona sasa, kwenye hiyo fomula hakuna neno hata moja kuhusu mwanzo wa ulimwengu.

Hapa ndo pa kukaza kuliko kote, na ingekuwa ni mimi ningetumia nusu ya muda wangu hapa. Sheria hiyohiyo moja iliwahi kuelezwa na nadharia mbili zilizokuwa zinapingana. Upande mmoja, wa Big Bang, ulisema ulimwengu ulikuwa mdogo, wa moto na umebanana sana, ukawa unatanuka na kupoa. Upande wa pili Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold mwaka 1948 wakasema hapana, ulimwengu unatanuka ndiyo ila hauna mwanzo, maada mpya inazaliwa taratibu kujaza nafasi, kwa hiyo unaonekana vilevile siku zote. Wote waliikubali sheria ya Hubble, hakuna aliyebisha kwamba galaksi zinakimbia. Waliamuliwaje sasa? Kwa utabiri. Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wameshasema mwaka huohuo 1948 kwamba kama mwanzo ulikuwa wa moto basi joto lililobaki lazima liwepo mpaka leo, limepoa likabaki kelvini chache tu, yaani nyuzi chache juu ya baridi kali kuliko zote. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson wakiwa na antena yao New Jersey wakapata mvumo wa maikrowevu unaotoka kila upande wa anga, wakasafisha mpaka kinyesi cha njiwa kwenye antena na bado upo, na leo unapimwa kelvini 2.725. Nadharia ya Hoyle ikakosa jibu la kueleweka, ikaanguka. Sheria ikabaki palepale. Hii mifano watoto waielewe, wasiikariri.

Jiandae pia na swali la sheria kuwa na mipaka, maana wengi wanadhani sheria ndo haikosei. Sheria ya uvutano ya Newton ya 1687 imetufikisha mbali sana, ila sayari ya Zebaki ilikuwa inakataa, mzunguko wake ulikuwa unasogea sekunde 43 za nyuzi (sekunde moja ya nyuzi ni nyuzi moja gawanya kwa 3,600) kwa karne zaidi ya hesabu, mpaka Einstein alipokuja na nadharia yake ya uhusianifu wa jumla mwaka 1915. Yaani nadharia ndo iliyoeleza pale sheria ilipokwama! Hata ya Hubble ina mipaka, galaksi ya Andromeda ni jirani yetu na inakuja upande wetu kwa kilomita kama 110 kwa sekunde, kwa majirani uvutano unashinda mtanuko.

Timu pinzani wakiwa wamesoma watakuletea hili la vipimo vya ile namba ya 70 kutolingana, na ni kweli, wanaopima kwa ule mvumo wa maikrowevu wa kale wanapata karibu 67, wanaopima kwa nyota na supanova, yaani nyota zinazolipuka, wanapata karibu 73. Usiruke wala usikatae. Wanabishania kasi ya kutanuka, kutanuka kwenyewe hakuna anayekubishania hapo.

Usitetee kila kitu kwa nguvu ileile. Ule mfumuko wa ghafla wa mwanzoni, yaani ulimwengu kutanuka kwa kasi kubwa mno mara tu ulipoanza, aliopendekeza Alan Guth mwanzoni mwa miaka ya 1980 una hoja nzuri ila bado unabishaniwa, na kilichofanya ulimwengu uanze ni swali ambalo nadharia ya Big Bang hailijibu kabisa. Ikifika kwenye dini, na kwetu lazima ifike, usibeze imani ya mtu, na ujue Lemaître mwenyewe alikuwa padri Mkatoliki.

Kama mdahalo ni Oktoba au Novemba kabla mvua hazijachanganya, watoe wanafunzi jioni moja isiyo na mwezi, mbali na taa za mji, njia ya Bahi au Hombolo, wageukie kaskazini kwenye saa nne usiku uwaonyeshe Andromeda, kaukungu kadogo kanakoonekana kwa macho matupu, mwanga wake umesafiri miaka kama milioni 2.5. Na usiku huo huo kila mmoja aandike kwenye karatasi moja zile namba na vizio vyake, 70 ni ya nini kwa kila nini, 2.725 ni ya nini, maana jaji akiuliza vizio ukataja namba tupu pointi zimekwenda.