Glasi ya kupimia unga unaoumuka

Ukiwa unaoka mkate na wageni wako njiani, usikisie kwa macho kama unga umeumuka vya kutosha. Ukimaliza kukanda, kata kidonge kidogo cha ukubwa wa ndimu, kishindilie ndani ya glasi iliyonyooka, chini kabisa, kisha zungushia mpira kwa nje pale unga ulipoishia. Weka glasi ubavuni mwa bakuli, funika vyote kwa kitambaa kimoja. Unga wa kwenye glasi ukifika mara mbili ya alama, na wa bakuli uko tayari kuumbwa; kidonge kirudishe, kisipotee bure. Bakuli hudanganya kwa sababu limepanuka juu, unga unatambaa pembeni nawe unadhani bado. Kwenye glasi hauna pa kwenda ila juu.

Penye baridi kali glasi huchelewa, maana kidonge hupoa upesi kuliko donge kubwa, na ukiisubiri unga wa bakuli utapitiliza. Hapo bonyeza donge kwa kidole kilichopakwa unga mkavu: shimo likirudi polepole bila kujaa lote, anza kuumba. Kwa keki isiyo na hamira, njia hii haisaidii kitu.