Mbolea ya ruzuku isiishie Msimbazi

Siku za kuandaa mashamba ya masika, mama mmoja wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, alinionyesha klipu kwenye simu: eti Marekani serikali inamlipa mkulima asilime. Akaniuliza, "Bwana shamba, na sisi tunajiandikisha wapi?"

Habari yenyewe ni ya kweli. Tangu 1985 wenzetu wana mpango wa kumlipa mkulima kila mwaka ili ardhi inayomomonyoka aipumzishe, apande nyasi au miti. Mkataba ni miaka 10 hadi 15, na gharama za kupanda huchangiwa mpaka nusu. Kwa ekari moja ya Chanika, hela ya namna hiyo usiisubiri. Ruzuku ya kwetu imo ndani ya bei ya mbolea. Ilipoanza msimu wa 2022/2023, mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea uliuzwa shilingi 70,000 wakati bei ya soko ilikuwa imeshavuka laki. Bei hupangwa upya, kwa hiyo ulizia kwa wakala kabla ya kutoa nauli.

Kujiandikisha si kazi. Nenda ofisi ya mtaa au kwa afisa ugani wa kata na namba ya NIDA, ukubwa wa shamba, mazao unayolima na namba ya simu. Laini iwe yako mwenyewe, kwani ya mtoto aliyehamia Mwanza itakusumbua siku ya kuchukua mbolea. Na ekari zitaje zilivyo, maana mgawo hufuata ekari.

Shida huanza mfuko ukishafika. Urea ina naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23 kwenye mfuko. Ukiimwaga juu ya mchanga wetu huu mkavu, sehemu inapaa hewani, ndiyo ile harufu inayowasha pua. Mvua ikipiga kwenye mteremko, kilichobaki kinashuka mto Msimbazi, kinapita Jangwani hadi baharini, na pesa yako humo humo. Kwa mahindi weka kizibo kimoja cha soda kwa shimo, kando ya shina kidogo, ufukie. Penye mchanga mwingi gawa mara mbili: nusu mahindi yakifika magotini, nusu yakikaribia kutoa mbelewele.

Ila kabla ya mbolea, zuia maji kwa mitaro inayokatiza mteremko kwa usawa. Chombo cha kuupata usawa huo ni fremu A: miti miwili ya mita mbili iliyofungwa juu, mmoja mfupi wa kukatiza katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia toka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa mti wa kukatiza. Geuza miguu ibadilishane nafasi pale pale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Tembea nayo ukikatiza mteremko, mguu mmoja mmoja, ukipigilia vigingi kila kamba inapotulia katikati. Fuata vigingi hivyo kuchimba mtaro, udongo urushe upande wa juu, na juu ya tuta panda nyasi za vetiva au mabingobingo. Mwenye mbuzi hapo ameshapata na malisho. Wapo wanaopanda mananasi; yanashika udongo na yanaliwa, mimi siwakatazi.

Wa mchicha wa bondeni, kwenu kuna jambo la ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni kabla ya kuongeza tuta lingine, na kama mpo ndani ya hapo, zungumzeni na afisa ugani mapema.

Yule mama alikuwa na kamba ya manila na jiwe. Mti wa tatu tuliung'oa kwenye uzio wa kuku. Mistari mitatu tukaimaliza kabla ya adhuhuri. Wa nne tukauacha, jua lilikuwa limeshakuwa kali.