Kutengeneza briketi kwa bagasi ya miwa: mwongozo kwa vikundi vya ukanda wa sukari

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kukisaidia kikundi kimoja cha akina mama karibu na Muhoroni kuanza kutengeneza briketi za kupikia, yaani vumbi la makaa lililochanganywa na gundi na kubanwa kuwa vipande. Malighafi walikuwa nayo tele, wanunuzi walikuwapo, na walikuwa wameshaanza kuchanga fedha za kununua mashine. Kilichowapungukia ni gundi inayoshika. Ninauandika kwa ajili ya vikundi vingine vilivyo katika ukanda wa miwa wa magharibi mwa Kenya, kuanzia Chemelil na Kibos hadi Mumias na Nzoia, na jambo ninalotaka lieleweke tangu mwanzo ni kwamba ubora wa briketi huamuliwa na gundi pamoja na ukaushaji, wala si mashine. Fedha za mashine ziwekwe kando mpaka briketi zilizobanwa kwa mkono ziwake vizuri jikoni na mteja arudi kuziulizia.

Hatua ya kwanza: malighafi

Bagasi ni makapi yanayobaki baada ya miwa kukamuliwa. Kabla ya kupanga lolote, uliza kiwandani kama kuna ziada, kwa sababu viwanda vyenyewe huchoma sehemu kubwa ya bagasi katika mitambo yao ya mvuke, na kile cha Mumias kiliwahi hata kuuza umeme wa bagasi kwenye gridi ya taifa. Ikiwa ziada haipatikani, majani makavu ya miwa yanayobaki shambani baada ya mavuno yanafaa vilevile, na wakulima wengi huyachoma bure. Bagasi ikitoka kinuni huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo ni lazima ianikwe mpaka ivunjike kwa sauti inapokunjwa.

Watu huniuliza kuhusu makapi ya mpunga ya Ahero na gugumaji la ziwani. Makapi ya mpunga yana madini mengi ya silika, na takriban moja ya tano ya uzito wake ni majivu hata kabla ya kuchomwa. Yakishakuwa makaa, sehemu ya majivu hupanda zaidi na jiko hujaa kabla chakula hakijaiva. Gugumaji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, hivyo utabeba mzigo mkubwa kutoka ufuoni na kubaki na kiganja cha makaa yenye majivu mengi. Mimi ningelipeleka kwenye mtambo wa biogesi na kuiachia bagasi kazi ya briketi. Kule Nakuru kampuni ya maji hutengeneza briketi kutokana na kinyesi cha binadamu kilichochanganywa na vumbi la mbao, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini huhitaji joto la kuua vijidudu na usimamizi ambao kikundi cha nyumbani hakiwezi kuumudu.

Hatua ya pili: kuchoma ndani ya pipa

Tumia pipa la chuma la lita 200. Pipa lililobeba dawa za mimea au kemikali nyingine lisinunuliwe kwa bei yoyote, hata muuzaji akiapa kwamba limeoshwa. Fundi wa jua kali, yaani fundi wa karakana ndogo za mtaani, atakutobolea matundu kwenye kitako na kukukatia mdomo juu wenye kifuniko kinachokaa sawasawa.

Liweke pipa juu ya mawe matatu, simamisha mti katikati, shindilia bagasi kavu kuuzunguka, kisha uchomoe mti ili ubaki mfereji wa hewa. Washa kwa chini. Moshi wa kwanza huwa mweupe na mzito, na huo hasa ni mvuke wa maji. Baadaye hugeuka kuwa wa manjano, kisha hupungua na gesi yenyewe huanza kushika moto juu ya mdomo wa pipa. Hapo ndipo pa kufunga: toa mawe, pipa likae juu ya mchanga, weka kifuniko na uzibe kila upenyo kwa udongo uliolowa. Ukichelewa utapata majivu. Ukiwahi utapata nyuzi za kahawia ambazo zitatoa moshi jikoni kwa mnunuzi. Ukiona moshi ukichungulia popote, ongeza udongo hapo.

Liache pipa mpaka asubuhi. Makaa yanayoonekana yamezima hushika moto upya yakipata hewa, na ghala zimeungua kwa njia hiyo. Tarajia makaa yenye uzito wa karibu moja ya tano hadi moja ya nne ya bagasi kavu uliyoingiza.

Hatua ya tatu: kusaga

Tia makaa guniani, pondaponda kwa mti, chekecha kwa wavu wa matundu madogo. Funika pua na mdomo. Usihangaike kupata vumbi laini kama poda, kwa kuwa punje ndogo na laini zikichanganyika hushikana vizuri kuliko zilizo laini tupu.

Hatua ya nne: gundi

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, na ndipo ninapoomba usiruke mstari hata mmoja.

Gundi ninayoitetea ni uji wa muhogo. Huko Muhoroni akina mama walikuwa wakitumia unga wa muhogo, walikuwa wakiupika, na bado briketi zao zilikuwa zikimomonyoka mkononi baada ya kukauka. Ilichukua muda mrefu kubaini kwamba unga wenyewe ulikuwa wa ugali, yaani muhogo uliosagwa pamoja na mtama, kama unavyouzwa katika masoko mengi ya magharibi mwa Kenya. Mchanganyiko huo ni chakula kizuri, lakini pumba zake hazishiki kitu na wanga wake hautabiriki. Kwa hiyo, nunua muhogo mkavu wenyewe na uusagishe peke yake katika posho mili (kinu cha kusagia nafaka) iliyofagiliwa, au uchunguze rangi kabla ya kulipa: unga wa muhogo mtupu ni mweupe, na ule wenye mtama huwa na wekundu au ukahawia. Vipande vilivyovunjika au vilivyopauka, ambavyo wanunuzi wa chakula huvikataa, vinafaa kabisa kwa gundi na bei yake ni ya chini. Ninasisitiza hilo kwa sababu sioni haki ya kushindania muhogo mzuri na sufuria ya jirani.

Kipimo cha unga ni asilimia 4 hadi 8 ya uzito wa vumbi la makaa. Ninaposema uzito, nina maana ya mizani, na nina maana ya vumbi lililokauka. Vumbi lililolala nje usiku hubeba unyevu, nawe utakuwa unapimia maji gundi. Kupima kwa gorogoro, yaani kopo la sokoni, hakufai hapa, kwa kuwa vumbi la makaa ni jepesi na ujazo wake hubadilika kadiri linavyoshindiliwa. Kabla ya kutengeneza fungu kubwa, tengeneza mafungu matatu ya kilo 1 ya vumbi kila moja, la kwanza kwa gramu 40 za unga, la pili kwa gramu 60, la tatu kwa gramu 80. Yatie alama, yakaushe kikamilifu, kisha uchague kiasi kidogo kabisa kinachoshika. Unga wa nyumbani bado una nyuzi za muhogo ndani yake, kwa hiyo usishangae ukihitaji zaidi ya mtu anayetumia wanga uliochujwa.

Tuchukue mfano wa kilo 10 za vumbi na gramu 600 za unga. Koroga unga katika lita 1 ya maji baridi mpaka usibaki na donge. Chemsha lita 4 za maji, umimine mchanganyiko ule taratibu huku ukikoroga bila kusimama, na uendelee kupika mpaka weupe wa maziwa upotee, uji uwe wa kupenyeza mwanga na uvutike kama mlenda. Wanga wa muhogo hauachii nguvu yake ya kunata mpaka upite nyuzi joto 60 hadi 70. Ukichanganya unga mbichi na vumbi, hata ukiongeza maradufu, utakuwa umetia chakula ndani ya makaa na hakuna kilichoshikana. Wale wanaomimina tu maji ya moto juu ya unga wakidhani wameokoa kuni hupata madonge meupe, na kila donge ni mahali ambapo briketi itavunjikia.

Mimina uji juu ya vumbi ungali na joto, kwenye sakafu ya saruji au karai pana. Changanya kwa koleo kwanza, kisha vaa glavu ukande kwa mikono mpaka usione uzi mweupe popote. Hatua hii huchosha, na watu huikatiza mapema kwa sababu mchanganyiko huonekana mweusi wote tangu dakika za mwanzo. Endelea kukanda. Makaa ya bagasi hunywa maji mengi, kwa hiyo huenda ukahitaji kuongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, huku ukijaribu kila mara: chukua kiasi cha ngumi, kamua kwa nguvu, fungua mkono. Maji yakichuruzika kati ya vidole, umezidisha, basi ongeza vumbi. Tonge likipasuka lenyewe kiganjani, bado ni kavu. Likibaki na alama za vidole na kustahimili kurushwa hewani na kudakwa, liko tayari.

Tengeneza gundi ya siku hiyo tu. Uji uliolala katika joto la Kisumu huchacha, hupoteza mnato, na harufu yake huingia kwenye briketi. Tena usidhani kwamba kuzidisha gundi ni usalama: gundi nyingi huleta moshi, hualika ukungu wakati wa kukausha, na hula faida yote.

Molasi, yaani maji mazito matamu yanayobaki sukari ikishatolewa, hupatikana kwa urahisi karibu na viwanda, na wengi huikimbilia kwa sababu ya bei. Hushika, lakini briketi zake hutoa moshi na harufu ya sukari inayoungua, na hunyonya unyevu wa hewa zikiwa ghalani mpaka zilainike. Ningeikubali kwa anayewauzia wenye matanuri, si kwa mama anayepikia ndani ya nyumba. Udongo wa mfinyanzi nao huongeza uzito bila kuongeza joto. Kiasi kidogo hupunguza kasi ya kuungua, ila wauzaji wasio waaminifu huutia mwingi, na mteja aliyewahi kununua makaa ya namna hiyo hatakuamini hata ukimletea mazuri.

Hatua ya tano: kubana

Kipande cha bomba la chuma na mti unaoingia sawasawa ndani yake vinatosha kuanzia. Mashine ya mkono ya kusagia nyama, iliyotolewa kisu, nayo hutoa vijiti vizuri. Soko likithibitika, fundi wa jua kali aweza kutengeneza mashine ya parafujo inayozungushwa kwa mota. Siipendekezi mashine iliyoagizwa kutoka nje kwa kikundi kinachoanza, kwa kuwa parafujo husuguliwa na vumbi la makaa na kulika haraka, na kipuri kinachongojwa kutoka ng'ambo husimamisha kazi ya watu wote.

Hatua ya sita: kukausha

Siku ya kwanza ni ya kivulini penye upepo. Briketi mbichi ikipigwa na jua kali hukauka nje huku ndani ingali na maji, kisha hupasuka. Baadaye zihamishie kwenye vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, uzigeuze asubuhi na jioni kwa siku 3 hadi 5. Katika bonde la Ziwa Victoria mvua hupenda kuja alasiri ghafla, kwa hiyo turubai iwe imeshafungwa upande mmoja wa kichanja. Wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, punguza uzalishaji ulingane na nafasi uliyo nayo chini ya paa. Briketi zenye utando mweupe wa ukungu zimekaa na maji kupita kiasi.

Ili kujua kama zimekauka, pima uzito wa briketi zilezile chache kila jioni. Uzito ukiacha kushuka kwa siku mbili zenye jua, zimekauka.

Hatua ya saba: kujaribu na kuuza

Angusha briketi kutoka usawa wa kiuno kwenye saruji. Kukatika vipande viwili si neno. Kusambaratika ni dalili ya kurudi hatua ya nne. Kisha chemsha lita 2 za maji kwa uzito sawa wa briketi na makaa ya miti, katika jiko moja lenye kauri ndani, uandike muda wa kuchemka na muda ambao moto umedumu. Briketi huchelewa kushika, na mteja aelezwe kwamba anaweza kuziwashia juu ya vipande vichache vya makaa ya kawaida. Uza kwa kilo, kwa sababu gorogoro la briketi na gorogoro la makaa ya miti havilingani uzito, na mnunuzi ana haki ya kulinganisha bei akiona mizani.

Kila gunia liende na onyo la mdomo au la maandishi. Briketi nzuri haitoi moshi unaoonekana na hubaki na moto kwa muda mrefu, na hivyo watu hudhani ni salama kulala nazo chumbani, hasa msimu wa baridi kule Nakuru na Molo. Hutoa gesi ya kaboni monoksidi sawasawa na makaa mengine, gesi isiyo na rangi wala harufu, na yaweza kuua waliolala. Jiko litolewe nje kabla mlango wa chumba haujafungwa.