Seva Imelipiwa, Haijafika: Namna ya Kuagiza, Kufuatilia na Kudai Msaada

Seva ikichelewa, ni nadra iwe imechelewa nzima. Kinachochelewa ni kipande. Niliwahi kusubiri wiki 11 kwa mashine mbili ambazo kila kitu chake kilikuwa tayari kiwandani, isipokuwa kadi ya mtandao. Kila Jumatatu muuzaji alinijibu "iko njiani". Nilipofanikiwa kumpata mtu wa upande wa mtengenezaji, akaniambia hata kuunganishwa haijaanza. Haikuwa njiani, haikuwa popote. Utaratibu huu niliuandika baada ya hapo, na sehemu yake kubwa hufanyika kabla hujalipa chochote.

Hatua ya 1: Fahamu kama unanunua ya stoo au ya kuundwa

Watengenezaji wakubwa huuza seva kwa njia mbili. Kuna mipangilio iliyokwisha kuunganishwa inayokaa kwenye maghala ya wasambazaji, na kuna ile inayoundwa baada ya wewe kuchagua prosesa, RAM, diski na kadi. Ya kwanza hufika haraka lakini huna sauti juu ya kilichomo. Ya pili ndiyo yenye foleni. Kama mahitaji yako ni ya kawaida, chukua ya stoo kisha ongeza RAM na diski mwenyewe, ila hakikisha unanunua vipande vilivyoidhinishwa na mtengenezaji. Ukiweka vya kwingine, tatizo la kwanza utakalopiga simu kuhusu litaanza na maneno "tafadhali toa hivyo vipande kwanza".

Hatua ya 2: Uliza kipande kinachochelewa kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo watu hupoteza miezi. Kipande kinachokwama hubadilika na nyakati. Mafuriko ya Thailand mwaka 2011 yalizamisha viwanda vya diski, na diski zikaadimika dunia nzima. Mwaka 2021 na 2022 prosesa kubwa haikuwa kikwazo pekee: chipu ndogo za bei rahisi, zile za kudhibiti umeme na za kadi za mtandao, zilisimamisha mashine za bei mbaya. Kwa hiyo usikisie. Mwandikie muuzaji hivi:

"Naomba muda wa kupatikana kwa kila kipande kilichomo kwenye kwotesheni hii, si kwa seva nzima. Kipi ndicho cha mwisho kufika kiwandani? Kuna mbadala wake unaopatikana sasa?"

Muuzaji anayejua kazi atakurudishia jedwali. Asiyejua atakujibu "wiki 4 hadi 6", na hilo nalo ni jibu: humo hamna taarifa.

Mbadala una mipaka yake. Kadi ya mtandao ya gigabiti 25 mara nyingi hushuka hadi 10, hivyo inaweza kuchukua nafasi ya kadi ya 10 iliyoadimika, mradi uangalie aina ya moduli (kile kichwa kinachochomekwa kwenye kadi) na nyaya zako. Kidhibiti cha RAID (kadi inayofanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja) usikibadilishe kienyeji, maana diski na nyaya za ndani huchaguliwa kukifuata. RAM ndiyo yenye mtego mkubwa. Prosesa za AMD EPYC za familia ya 9004 zina njia 12 za kumbukumbu (RAM) kwa kila prosesa, na Intel Xeon Scalable za kizazi cha 3 aina ya Ice Lake zina 8. Muuzaji akikupa vipande vichache vikubwa badala ya vingi vidogo, jumla ya GB itakuwa ileile lakini njia nyingine zitabaki tupu na kasi ya kumbukumbu itashuka. Hakuna taa itakayowaka kukuonya. Utaona tu hifadhidata imekuwa nzito.

Hatua ya 3: Andika tarehe mbili kwenye oda, si moja

Tarehe ya kutoka kiwandani na tarehe ya kufika mlangoni ni vitu viwili tofauti, na wauzaji hupenda kutaja ya kwanza kana kwamba ndiyo ya pili. Weka zote kwenye oda. Andika pia nani anabeba usafiri na forodha. Kwa Incoterms 2020, yaani masharti ya kimataifa ya kugawana jukumu la usafirishaji, EXW maana yake mzigo ni wako tangu mlangoni kwa muuzaji, na DDP maana yake yeye anaufikisha ulipo ushuru ukiwa umelipwa. Kama ofisini kwenu hakuna mtu wa forodha, lipia hiyo tofauti.

Ongeza vifungu viwili: haki ya kufuta oda bila faini tarehe ikipita kwa siku mtakazokubaliana, na sehemu ya malipo kubaki mkononi mwako hadi mashine iwake. Muuzaji atanung'unika. Acha anung'unike.

Kuhusu kuletewa mzigo vipandevipande, mimi hukataa, isipokuwa reli za raki (kabati la seva) na nyaya za umeme. Diski bila seva huwezi kuzijaribu, na dhamana yake huenda imeshaanza kuhesabiwa zikiwa bado ndani ya boksi.

Hatua ya 4: Soma mkataba wa msaada kama unavyosoma bei

"Saa 4" kwenye mkataba mara nyingi si muda wa kutengenezewa. Ni muda wa fundi au kipande kukufikia, na saa huanza kuhesabiwa baada ya wao kukubali kwa simu kwamba kipande kimekufa. Ukibishana nao siku mbili kuhusu chanzo cha tatizo, hizo siku mbili haziingii kwenye hesabu. "Siku ya kazi inayofuata" nayo ina saa ya mwisho ya kupokea madai. Ukipita hapo, siku inayofuata inakuwa ile ya baada yake.

Uliza haya, upewe majibu kwa maandishi:

- Ghala la vipuri lililo karibu nami liko wapi, na ngazi hii ya msaada inapatikana kwa anwani yangu?
- Dhamana inaanza siku ya kusafirishwa, ya ankara, au ya kufika?
- Mashine ikinunuliwa nchi nyingine, dhamana inahamishika?
- Diski ikifa, naweza kubaki nayo? (Kama ina data za wateja, hili si la anasa.)
- Fimuwea (programu ya ndani inayoendesha vifaa vya mashine) naipata bure au mpaka niwe na mkataba hai? HP ilianza kuweka sharti hilo kwa seva za ProLiant mwaka 2014.

Kisha piga simu ya msaada kabla ya kununua. Hesabu dakika hadi binadamu apokee.

Hatua ya 5: Fuatilia kwa namba ya mtengenezaji

Namba ya oda ya muuzaji inakuonyesha mfumo wa muuzaji. Dai namba ya oda ya mtengenezaji siku ileile unapolipa, na uangalie hali yake mwenyewe kila wiki. Ikibaki "inaundwa" bila kusogea huku tarehe inakaribia, usiulize "imefika wapi". Uliza: "Kipande gani kinasubiriwa, na kinatarajiwa lini kiwandani?" Wakijibu kwa ujumla mara mbili, panda ngazi hadi kwa msimamizi wa akaunti yako kwa mtengenezaji.

Wakati huohuo ongeza muda wa mkataba wa seva ya zamani mwezi kwa mwezi, au omba ya kuazimwa. Wauzaji wengi wanazo za maonyesho. Hawazitaji mpaka uombe.

Hatua ya 6: Siku ya kufika

Kagua boksi kabla ya kusaini. Kona ikiwa imebonyea, piga picha na uandike kwenye hati ya kupokelea mzigo; "nimepokea salama" ikishasainiwa, mjadala umekwisha. Fungua siku hiyohiyo, kwa sababu muda wa kubadilishiwa mashine iliyofika mbovu ni mfupi. Linganisha namba ya mashine na iliyosajiliwa kwenye tovuti ya msaada, hasa tarehe ya mwisho ya dhamana. Nimeikuta imekosewa zaidi ya mara moja.

Acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, iendeshe usiku kucha. Soma afya ya diski kwa programu ya smartctl. Chomoa waya mmoja wa umeme, urudishe, kisha mwingine, seva ikiwa na kazi, uone kama haizimiki.

Hatua ya 7: Kufungua tiketi

Usianze na "seva haifanyi kazi". Pakua rekodi za matukio (logi) kutoka kwenye kidhibiti kilichomo ndani ya seva cha kuisimamia ukiwa mbali, iwe iDRAC ya Dell au iLO ya HPE, na uziambatishe kwenye ujumbe wa kwanza. Wataziomba tu, na kila kuombana ni nusu siku. Andika namba ya mashine, toleo la fimuwea, tatizo lilianza saa ngapi, na ulichokwisha kujaribu. Sema waziwazi kama huduma imesimama au inaendelea kwa kuchechemea, kwa kuwa hilo ndilo linalopanga nafasi yako kwenye foleni. Kisha piga simu na namba ya tiketi mkononi.